Kidonda kinawasha? Anza kuitilia shaka krimu

Mkwaruzo wa goti ukisafishwa vizuri, siku ya tano huwa umeshaanza kukauka pembeni, maumivu yamepungua, na ngozi mpya nyororo inachungulia kwa chini. Chukua mkwaruzo uleule, upake krimu ya kuua vijidudu mara tatu kwa siku, halafu ufunike kwa plasta. Kwa watu wengi hakuna kitakachoharibika. Kwa wachache, kuanzia wiki ya pili hivi, mambo hugeuka. Pembeni mwa kidonda panaanza kuwasha. Vinatoka vipele vya ukubwa wa kichwa cha pini, vingine vina maji, ngozi inavimba, na kidonda kilichokuwa kinakauka kinaanza kulowa upya. Mwenyewe anasema kimeingia vijidudu, anaongeza krimu. Kesho yake pamezidi. Anarudi duka la dawa kununua nyingine, na anapewa yenye jina tofauti lakini dawa ileile ndani.

Hapo ndipo mkwaruzo wa wiki moja unapogeuka kuwa shughuli ya wiki sita, na muda wote huo mchokozi ni ile krimu iliyonunuliwa kuponya.

Tatizo hili huitwa mzio wa mgusano, na ratiba yake ndiyo inayowapoteza watu. Haufanani na mzio wa karanga au wa kuumwa na nyuki, unaomvamia mtu ndani ya dakika. Huu unaendeshwa na chembe nyeupe za damu ziitwazo seli T, na mwendo wake ni wa polepole. Kwanza dawa inapenya, walinzi waliomo kwenye ngozi wanaibeba hadi kwenye tezi za limfu, na huko seli T zinafundishwa kuitambua kama adui. Mafunzo hayo huchukua siku 10 hadi 14, pengine zaidi, na hayana dalili yoyote. Baada ya hapo, kila dawa hiyo inapogusa ngozi tena, ukurutu hutokea kati ya saa 24 na 72.

Ndiyo maana utetezi wa "mbona nimeitumia miaka yote" hauisafishi krimu. Huwezi kupata mzio wa kitu ambacho mwili haujawahi kukutana nacho. Matumizi ya miaka yote ndiyo yaliyoujenga.

Halafu kuna suala la mlango. Ngozi nzima ni ukuta mgumu: molekuli zenye uzito unaozidi daltoni 500 hivi (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli) hupenya kwa shida sana. Neomisini, dawa iliyomo kwenye krimu nyingi za vidonda, ina daltoni 615 hivi. Basitrasini, mwenzake, inazidi 1,400. Kwenye ngozi isiyo na jeraha zingebaki juu juu na huenda zisingemsumbua mtu. Lakini kidonda ni ukuta uliobomoka, na juu yake tunaweka plasta inayotunza joto na unyevu na kuisukuma dawa ndani zaidi. Kwa jicho la mzio, hakuna mahali pabaya pa kupaka dawa kuliko hapo. Wenye vidonda sugu vya miguu, ambao hupaka dawa hii leo na ile kesho kwa miezi au miaka, ndio wanaoongoza kwa kupata mizio hii, na mara nyingi huwa nayo kadhaa kwa pamoja.

Washukiwa ni akina nani

Wa kwanza ni neomisini, antibayotiki iliyogunduliwa na Selman Waksman na Hubert Lechevalier mwaka 1949. Ni ya bei rahisi, ni ya zamani, na imo kwenye marhamu nyingi za vidonda, pamoja na matone ya masikio na ya macho. Kwenye boksi tafuta neno "neomycin". Wataalamu wa Marekani wa mzio wa mgusano huchagua kila mwaka kitu kimoja cha kukitangaza kuwa mchokozi wa mwaka. Neomisini ilichaguliwa 2010. Basitrasini ilikuwa imeitangulia, mwaka 2003.

Basitrasini ina historia ya kupendeza kuliko tabia yake. Mwaka 1943 bakteria wanaoitengeneza walipatikana kwenye jeraha la mguu la msichana mmoja, na jina la dawa likaundwa kwa kuunganisha jina la bakteria, Bacillus, na jina la ukoo la msichana huyo, Tracy. Kikemia haina undugu na neomisini. Ila kwa kuwa hufungwa pamoja kwenye tyubu moja, mara nyingi na antibayotiki ya tatu, polimiksini B, mtu mmoja huishia kuwa na mzio wa zote mbili. Mara chache sana basitrasini husababisha pia ule mzio wa ghafla wa kuangusha mtu.

Klorheksidini, dawa ya kusafishia ngozi na kuua vijidudu, lazima itajwe peke yake, kwa kuwa ina sura mbili. Inaweza kuleta ukurutu wa polepole kama wenzake, na inaweza kuleta mzio wa dakika chache: mabaka yanayovimba mwili mzima, midomo kujaa, kifua kubana, presha kushuka. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu klorheksidini za ngozi zinazouzwa bila cheti cha daktari. Ni nadra, lakini mtu ambaye ngozi yake imewahi kuvimba ghafla baada ya kusafishwa nayo asilichukulie jambo hilo kuwa dogo. Dawa hiyohiyo imo kwenye maji ya kusukutua mdomo, kwenye jeli za kuingizia mipira ya mkojo na kwenye dawa za kusafishia ngozi kabla ya upasuaji.

Iodini ya povidoni husingiziwa sana. Mzio wake halisi upo lakini si wa kawaida. Kinachotokea mara nyingi ni mwasho wa kuunguza, hasa ikiachwa mbichi chini ya bandeji. Spiriti na haidrojeni peroksaidi nazo huunguza bila mzio wowote. Dawa za kuua vijidudu zinazouzwa zikiwa nzito, za kuchanganywa na maji, zikipakwa bila kuchanganywa huchoma ngozi ya mtu yeyote yule.

Sasa wale wanaojificha. Watu husoma jina la dawa kuu, wakiliona geni wanaridhika, kumbe mchokozi yuko kwenye mstari wa chini wenye herufi ndogo. Lanolini, yaani mafuta yatokanayo na sufu ya kondoo, huandikwa "lanolin", "wool fat", "wool alcohols" au "adeps lanae". Kuna propilini glikoli, kuna manukato, kuna vihifadhi. Kuna benzokaini, dawa ya ganzi inayoongezwa kwenye krimu za "kutuliza maumivu". Na neno "asilia" kwenye lebo lisikupumbaze: mafuta ya tea tree ni mchokozi anayejulikana vizuri, na yale ya chupa iliyokaa wazi muda mrefu ni mabaya zaidi, kwa sababu hewa huyabadilisha kuwa kemikali kali kuliko ya mwanzo.

Vijidudu au mzio?

Hili ndilo swali lenyewe, na wengi hulijibu kwa rangi: pamekuwa pekundu, basi pameoza. Rangi ni shahidi dhaifu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane kabisa. Utaona zambarau iliyoiva, kahawia nzito au kijivujivu, na vidole vitakuambia zaidi kuliko macho, kwani ngozi itakuwa imenenepa na kukwaruza kama msasa.

Uliza kwanza: kinauma au kinawasha? Kidonda chenye maambukizi huuma, hupwita, na maumivu huongezeka siku hadi siku. Ukibonyeza pembeni mtu anashtuka. Kidonda chenye mzio huwasha hadi mtu anajikuna usingizini. Maambukizi huleta usaha mzito wenye rangi, pengine na harufu, wakati mzio hutoa maji mepesi ya rangi ya majani makavu, yanayokauka kuwa magamba. Homa, mtoki kwenye kinena au kwapa, na mstari wa wekundu unaopanda mguu au mkono ni ishara za maambukizi, na za kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Kisha angalia umbo. Maambukizi hayafuati rula. Ukiona mstatili wenye kona zilizonyooka, na katikati yake, pale penye kipande cha pamba, pamesalimika, mshukiwa ni gundi ya plasta. Pakiwa pameharibika chini ya pamba na kuzunguka kidonda hadi pale krimu ilipofika, huku sehemu ya gundi ikiwa nzima, mshukiwa ni krimu. Marhamu ya mafuta huyeyuka kwa joto la mwili na kuteremka, kwa hiyo kwenye mguu vipele mara nyingi huwa vingi upande wa chini wa kidonda kuliko wa juu. Angalia na kope: ngozi yake ni nyembamba mno, na mtu aliyepaka dawa gotini kisha akajifikicha macho anaweza kuamka kope zimevimba. Daktari asiyeuliza kuhusu goti hataelewa kope zimetoka wapi.

Vyote viwili vinaweza kuwapo kwa pamoja. Ukurutu uliokunwa hufungua njia kwa bakteria, kwa hiyo kuwasha kulikogeuka kuwa maumivu si habari njema.

Ukishashuku

Acha kila kitu kinachopakwa, si krimu mpya peke yake. Marhamu zina mafuta na haziondoki kwa maji tu. Panguse kwanza kwa kitambaa laini chenye mafuta kidogo ya mgando, kisha osha kwa maji ya uvuguvugu, na sabuni isiyo na harufu itumike pembeni tu. Ukiacha mabaki, umeacha mzio.

Panapolowa, weka kitambaa safi kilicholowekwa kwenye maji ya baridi na kukamuliwa kidogo, dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Hii inatuliza kuliko watu wanavyotarajia, na inakausha vile vipele vya maji bila kuvipasua. Kisha paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu wala rangi, kutoka kwenye tyubu mpya, kwa mkono uliooshwa. Funika kwa gozi isiyoshika kidonda na uzungushie bandeji badala ya kubandika gundi kwenye ngozi iliyokwisha kukasirika.

Kwa ukurutu wa pembeni, haidrokotisoni ya asilimia 1 (steroidi nyepesi ya kupaka, inayotuliza uvimbe na kuwasha), mara mbili kwa siku kwa siku zisizozidi 7, inatosha kwa hali nyepesi. Usiiweke ndani ya kidonda kibichi. Kipimo chake ni hiki: kamua mstari kuanzia ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kiungo cha kwanza, hiyo ni karibu nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Uso, sehemu za siri na ngozi ya mtoto mdogo ni vya kuuliza kwanza. Zikipita siku tatu au nne bila nafuu, au vipele vikatokea mahali ambako krimu haikufika, nenda kwa daktari. Pengine panahitajika steroidi yenye nguvu zaidi.

Katika steroidi kuna mtego ambao umewanasa hata wauzaji wa dawa. Krimu nyingi za "fangasi, bakteria na muwasho" ni mchanganyiko wa steroidi na neomisini. Steroidi inatuliza ule ukurutu unaosababishwa na neomisini iliyomo ndani ya tyubu hiyohiyo. Matokeo yake, ngozi haiponi wala haiharibiki wazi. Ukiacha kupaka inalipuka, ukipaka inatulia, na unajiona huwezi kuishi bila dawa hiyo. Yeyote aliyenaswa kwenye mzunguko huo kwa zaidi ya wiki mbili asome upya orodha ya vilivyomo. Na isisahaulike kwamba steroidi zenyewe, haidrokotisoni ikiwamo, zinaweza kuleta mzio kwa watu wachache.

Vidonge vya kuzuia mzio, vile vya kusinziisha, vitakusaidia kulala tu. Ukurutu huu hauendeshwi na histamini, kwa hiyo usitarajie viufute. Krimu za antihistamini za kupaka ziache kabisa: nazo ni wachokozi.

Mambo yakienda sawa, kuwasha hupungua ndani ya siku chache na ngozi hutulia kati ya wiki mbili na nne. Alama nyeusi inayobaki kwenye ngozi nyeusi inaweza kudumu miezi. Si kovu, wala haihitaji krimu ya kung'arisha ngozi, maana hiyo nayo ina vitu vyake vya kukuletea mzio.

Kinachohitaji mbio ni kingine. Midomo au ulimi kuvimba, sauti kubadilika, kupumua kwa filimbi, kizunguzungu, mabaka mwili mzima dakika chache baada ya kupaka au kusafishwa: huo ni mzio mkali. Mtu alazwe chali na miguu iinuliwe, au akae kama kupumua ndiko kunakomshinda, na apewe adrenalini kwenye msuli wa upande wa nje wa paja. Kwa mtu mzima kipimo ni miligramu 0.5. Vidonge havifai kuwa tiba ya kwanza hapo.

Kujua kwa uhakika

Kipimo sahihi ni cha viraka, na hufanywa na daktari wa ngozi. Vikombe vidogo vyenye vitu mbalimbali hubandikwa mgongoni kwa saa 48, vinatolewa, ngozi inasomwa, kisha inasomwa tena siku ya tatu au ya nne. Kwa neomisini na basitrasini hapo ndipo kosa hutokea. Ni molekuli kubwa, zinapenya polepole, na jibu lake linaweza kuchelewa hadi siku ya saba. Ndiyo maana pia hupimwa zikiwa na ukali wa asilimia 20, mkubwa kuliko wa krimu ya dukani. Ukiambiwa siku ya nne kwamba hauna mzio, omba usomewe tena baada ya siku tatu. Kabla ya kipimo mgongo usipakwe steroidi wala kuchomwa na jua kwa wiki moja, na kama unameza prednisoloni, ambayo ni steroidi ya vidonge, sema mapema.

Wengine hujaribu nyumbani: kupaka krimu mara mbili kwa siku kwenye ngozi ya ndani ya mkono, karibu na kiwiko, eneo la sentimita 5 kwa 5, kwa siku 7 hadi 14. Kwa losheni na vipodozi ni jaribio zuri. Kwa krimu za vidonda ni pungufu, kwa sababu ileile ya mlango: ngozi nzima inaweza kuizuia neomisini, ukajiona salama, na kidonda kijacho kikakuumbua. Aliyewahi kuvimba ghafla asilijaribu kabisa.

Tyubu usiitupe. Piga picha ya upande wa orodha ya vilivyomo, yote, pamoja na zile herufi ndogo. Daktari atahitaji hiyo kuliko maelezo ya rangi ya boksi.

Ukithibitika kuwa na mzio wa neomisini, mwambie kila anayekuandikia dawa. Framisetini ni karibu dawa ileile. Gentamisini na tobramisini ni ndugu wa karibu, na seli T mara nyingi haziwatofautishi; streptomisini ni wa tawi la mbali na hugongana nayo kwa nadra. Kuhusu chanjo: ile ya surua, matumbwitumbwi na rubela ina chembe za neomisini, na wazazi hutishika. Ukurutu wa ngozi hauizuii chanjo hiyo. Kinachoizuia ni historia ya mzio ule mkali wa ghafla.

Basi kidonda kipakwe nini?

Maji, halafu mafuta ya mgando. Najua linasikika kama jibu la mtu aliyekosa dawa. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 922 waliofanyiwa upasuaji mdogo wa ngozi, nusu wakipakwa basitrasini na nusu mafuta meupe ya mgando. Maambukizi yalikuwa machache pande zote mbili, chini ya watu 10 kila upande, na tofauti haikutosha kuthibitisha kwamba basitrasini inakinga zaidi. Waliopata ukurutu wa mzio walikuwa wanne, wote wa upande wa basitrasini.

Kwa mkwaruzo wa kawaida, bana damu kwa dakika 10 bila kuchungulia, kisha osha kwa maji yanayotiririka, yale ya kunywa, dakika 5 hadi 10. Mchanga uliobaki utolewe kwa kibano safi. Huo ndio unaoleta maambukizi, na hakuna krimu inayoutoa. Paka mafuta ya mgando, funika, badilisha kila siku au kikilowa. Kidonda kilichotunzwa na unyevu kidogo hufunga haraka kuliko kilichoachwa kikauke gamba. Kama kidonda ni kichafu na chanjo ya pepopunda imepita miaka 5, kachome nyingine.

Kuumwa na mbwa, paka au mnyama yeyote anayeweza kubeba kichaa cha mbwa hakuingii kwenye ushauri huu. Hapo dawa ya kuua vijidudu inahitajika, iodini ya povidoni ikiwa ya kwanza, hata kama ngozi itawasha baadaye, na chanjo ifuatwe siku hiyohiyo. Kabla yake osha kwa sabuni na maji kwa dakika 15 kamili. Tumia saa, maana ukikadiria kwa hisia utaacha ikiwa dakika ya tatu.